Tippu Tip na Lugha ya Njia ya Misafara

Mwalimu anayefundisha Kiswahili Tabora hana budi kujua kwamba lugha hiyo ilifika hapa kwa miguu, kabla ya shule na kabla ya vitabu vya sarufi. Ililetwa na misafara iliyopita kati ya Bagamoyo na Ujiji. Katika makala haya tutatazama maisha ya mtu mmoja mashuhuri wa njia hiyo, kisha tujiulize imetupasa kusahihishaje lugha ya mtoto.

Hamed bin Muhammed el Murjebi, ajulikanaye zaidi kwa jina la Tippu Tip, alizaliwa Unguja yapata mwaka 1837. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanyabiashara aliyefanya makao Unyanyembe na kumwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira. Hamed alipokuwa na umri wa miaka 18 hivi alifuatana na baba yake hadi Unyamwezi, akaendelea mpaka Ujiji na kuvuka Ziwa Tanganyika. Siku hizo Tabora ilikuwa njia panda: njia moja ilielekea Ujiji, nyingine Karagwe na Buganda, na nyingine kusini-magharibi. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, na watu wa makabila mbalimbali walisikilizana kwa Kiswahili.

Mwaka 1867 alimshinda Nsama, mtawala wa Itabwa, akateka pembe nyingi za ndovu. Baadaye alijenga makao yake Kasongo, katika nchi ya Manyema. Mwaka 1887 alikubali kuwa gavana wa Stanley Falls, ambapo leo ni Kisangani, chini ya serikali ya Mfalme Leopold. Tusifiche ukweli: utajiri wake ulitokana na pembe na vilevile na watu waliotekwa na kutumikishwa. Alirejea Unguja, akafariki huko mwezi Juni 1905.

Ndani ya misafara watu waligawanywa kuwa waungwana na washenzi. Muungwana alitambulikana kwa mavazi, kwa dini na kwa usemi wa pwani. Aliyesema lugha ya kwao alidharauliwa. Kwa hiyo wapagazi, hata watumwa, walijitahidi kujifunza usemi huo ili waepukane na dharau. Kiswahili walichokieneza ng'ambo ya ziwa kikaja kuitwa Kingwana, yaani lugha ya waungwana. La ajabu ni kwamba Kingwana hicho nacho kilidharauliwa baadaye, kikahesabiwa kuwa Kiswahili kibovu. Lugha iliyompa babu heshima ikamletea mjukuu aibu.

Mwishoni mwa maisha yake Tippu Tip aliandika habari zake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode alizigeuza kwa herufi za Kirumi, zikachapishwa pamoja na tafsiri ya Kijerumani mwaka 1902 na 1903. Humo tunakuta nalianza mahali ambapo sisi twaandika nilianza, na thenashara mahali pa kumi na mbili. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ikaanza kazi. Basi mzaliwa huyu wa Unguja aliandika lugha ya mahali pale pale palipochaguliwa. Hata hivyo, mwanafunzi wa leo akiandika nalianza, daftari lake litarudi na wino mwekundu.

Je, tuache kusahihisha? La. Kiswahili sanifu ndicho cha vitabu na mitihani, na mtoto asiyekijua tumemnyima haki yake. Lakini mwalimu na apambanue mambo matatu kabla ya kushika kalamu nyekundu.

Kwanza, kosa linalogeuza maana. Mtoto akisema ameleta karamu, naye ameleta kalamu, afanye mazoezi ya kutamka mara moja pamoja na darasa zima, bila kuchekwa. Pili, kosa la upatanisho, kama kitabu yangu. Mwalimu asikatize masimulizi ya mtoto. Ayaandike makosa hayo kando, kisha ayafundishe kwa mifano ya ngeli. Tatu, neno la zama nyingine au la mahali pengine. Hilo si kosa la akili. Mweleze mtoto kwamba watu fulani husema hivyo, au walisema hivyo zamani, ila katika mtihani tunaandika hivi.

Mwanachuo aendaye kwenye mazoezi ya kufundisha ajichunguze: je, ninamsahihisha mtoto huyu ili aeleweke, au ili ajione mshenzi? Mtoto aliyeaibishwa hunyamaza, na mtoto aliyenyamaza hana sentensi ya kusahihishwa. Tippu Tip alikuwa na usemi wa kiungwana, wala usemi huo haukuwaokoa watu waliofungwa minyororo katika misafara yake. Usanifu wa lugha ni jambo la kufundishwa. Utu wa mwanafunzi haupimwi kwa huo.