Wilhelm wa Wied, Mtawala wa Albania

Tarehe 7 Machi, 1914, merikebu ya Kiaustria iitwayo Taurus ilitia nanga katika bandari ya Durrës, pwani ya Albania. Ndani yake alikuwamo afisa mmoja wa jeshi la Ujerumani, mwenye umri wa miaka 37, pamoja na mkewe. Watu wengi waliteremka pwani kumlaki, kwani huyo ndiye aliyeletwa kuwa mtawala wao. Wala hawakuwa wamemchagua wao.

Wilhelm alizaliwa Neuwied, mji ulio kando ya mto Rhine, tarehe 26 Machi, 1876. Ukoo wake ulikuwa wa watawala wa kale, lakini tangu mwaka wa 1806 nchi yao ndogo ilikuwa imekwisha kumezwa na wakubwa zaidi, wakabakiwa na jina na heshima. Aliingia jeshini, katika kikosi cha askari wa farasi, na mwaka wa 1906 alimwoa Sophie, binti wa ukoo wa Schönburg-Waldenburg. Huenda angalimaliza maisha yake katika kambi za Potsdam bila ya kusikika, lau si shangazi yake Elisabeth, mke wa Mfalme Carol wa Rumania.

Na nchi yenyewe ilikuwaje? Albania ilikuwa chini ya Dola ya Uturuki kwa zaidi ya miaka 400, na katika kila watu kumi wake, kama saba walikuwa Waislamu. Vita vya Balkani vilipowatenga Waalbania na Istanbul, na majirani wakawa wanaigawana ardhi yao, Ismail Qemali alitangaza uhuru mjini Vlorë tarehe 28 Novemba, 1912. Mabalozi wa Madola sita makuu ya Ulaya walikaa London wakaukubali uhuru huo mwaka wa 1913, kwa sharti kwamba mtawala wa nchi watamchagua wao wenyewe. Austria iliiogopa Italia, na Italia iliiogopa Austria. Kwa hivyo alitakiwa mtu asiyekuwa wa huyu wala wa yule.

Miongoni mwa majina yaliyotajwa lilikuwamo la Ahmed Fuad wa Misri, wa kizazi cha Muhammad Ali Pasha, ambaye asili yake yahesabiwa kuwa ya Kialbania. Wako pia Waislamu waliomtaka Izzet Pasha, aliyekuwa waziri wa vita wa Uturuki, naye ni Mwalbania kwa asili. Lakini shauri lao liligunduliwa Januari 1914, likavunjwa. Madola yakamchagua Wilhelm. Yeye alikuwa Mprotestanti, si Mkatoliki wala Mwothodoksi, na jambo hilo mabalozi waliliona kuwa fadhila. Kwa Mwislamu wa Tirana au Shijak tofauti hiyo haikuwa na maana yo yote.

Lau angaliletwa Fuad, je, mambo yangalikuwa mengine? Yamkini mkulima Mwislamu angalimpokea kwa moyo mwepesi zaidi. Lakini Fuad alilelewa Italia na kusoma katika chuo cha kijeshi cha Turin, na Austria isingalikosa kumwona kuwa ni mtu wa Roma. Fuad alibaki Misri, akawa Sultani mwaka wa 1917 na Mfalme mwaka wa 1922.

Kaisari wa Ujerumani mwenyewe hakulipenda jambo hili, na Wilhelm alisitasita. Mwishowe, tarehe 21 Februari, 1914, aliwapokea Neuwied wajumbe wa Kialbania wakiongozwa na Essad Pasha Toptani, akakubali. Madola yalimwahidi mkopo wa faranga milioni 75. Jeshi hakuwa nalo, ila askari wa polisi waliofundishwa na maafisa wa Kiholanzi.

Waalbania walimwita Mbret, yaani mfalme, ijapokuwa Madola yalimpa cheo kidogo kuliko hicho. Essad Pasha alifanywa waziri wa vita na wa mambo ya ndani pamoja, na hapo Wilhelm alijitia kitanzi, kwa maana Essad alikitaka kiti hicho mwenyewe. Tarehe 19 Mei nyumba ya Essad ilipigwa mizinga, naye akakamatwa na kupelekwa Italia. Wakati huo wakulima wa Albania ya kati walikuwa wamekwisha kuinuka. Hawakuwa na imani na mabwana wenye mashamba walioizunguka serikali, nao walitaka mtawala Mwislamu na bendera ya Sultani. Musa Qazimi, mufti wa Tirana, alikuwa mmoja wa viongozi wao. Tarehe 23 Mei Wilhelm na jamaa yake walikimbilia katika manowari ya Kiitaliani, na ingawa alirudi nchi kavu siku ile ile, heshima yake haikurudi pamoja naye. Tarehe 15 Juni Thomson, afisa Mholanzi aliyekuwa nguzo ya ulinzi wa Durrës, aliuawa kwa risasi.

Vita Vikuu vilipozuka, Austria ilimtaka atoe askari wa Kialbania wapigane upande wake. Alikataa, kwa kuwa Madola yaliiweka Albania isiwe na upande. Katika miezi yake sita hakuna tendo lililomstahi kuliko hilo. Fedha zikakatwa, na tarehe 3 Septemba, 1914, aliondoka kwa merikebu ya Kiitaliani. Siku chache baadaye wakulima waliingia Durrës, wakapandisha bendera ya Uturuki.

Alirudi katika jeshi la Ujerumani, wala hakujiuzulu kamwe. Mwaka wa 1925 Albania ilifanywa jamhuri, na mwaka wa 1928 rais wake Ahmet Zogu, Mwalbania na Mwislamu, alijitangaza mfalme. Wilhelm aliendelea kudai haki yake kwa karatasi. Mkewe alifariki mwaka wa 1936. Yeye alifariki Predeal, nchini Rumania, tarehe 18 Aprili, 1945, akazikwa katika kanisa la Kilutheri mjini Bucharest.