Pierre Toussaint: Uungwana Kabla ya Uhuru

Katika lugha yetu, neno mwungwana lina maana mbili zilizofungamana. Kwanza, ni mtu huru, asiyemilikiwa na mwingine. Pili, ni mtu wa adabu, utu na murua. Walioziweka maana hizi katika neno moja pengine waliamini kwamba tabia njema haistawi ila kwa aliye huru. Maisha ya Pierre Toussaint, mtumwa aliyezaliwa katika nchi ambayo leo ni Haiti na kuishia kuwa msusi na mfadhili mashuhuri jijini New York, yanatulazimu kuitafakari upya imani hiyo. Makala haya yanasimulia maisha yake kwa ufupi, kisha yanaliangalia swali ambalo halijaacha kuwagawa wanaomsoma: je, wema wake ulikuwa uungwana au ulikuwa utumwa uliomkolea?

Toussaint alizaliwa katika eneo la Artibonite, karibu na mji wa Saint-Marc, wakati nchi hiyo ilipokuwa koloni la Ufaransa likiitwa Saint-Domingue. Mapokeo yanautaja mwaka wa 1766, ingawa wapo watafiti wa baadaye wanaoutaja 1781. Familia ya Bérard ndiyo iliyommiliki. Tofauti na maelfu ya watumwa walioteketea katika mashamba ya miwa, yeye alilelewa kama mtumishi wa nyumbani, akafundishwa kusoma na kuandika.

Mwishoni mwa karne ya 18, Jean Bérard alihamia New York pamoja na mkewe na watumwa wachache, Toussaint akiwa mmoja wao. Huko kijana huyu alipelekwa kujifunza ususi. Bérard alirejea Saint-Domingue kuiangalia mali yake, akafia huko. Maasi makubwa ya watumwa yaliyozuka Agosti 1791 yaliupindua utaratibu mzima wa mashamba, na hatimaye tarehe 1 Januari 1804 taifa huru la Haiti likazaliwa. Mjane wa Bérard akajikuta ugenini bila mali.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Mtumwa akawa ndiye mlishaji wa bibi yake. Wanawake matajiri wa New York walipenda mitindo ya nywele ya Kifaransa, na mikono ya Toussaint ilikuwa na sifa. Alizunguka nyumba kwa nyumba tangu asubuhi hadi usiku, na pato lake likaikimu nyumba ya mjane huyo kwa miaka mingi bila yeye kujitangaza. Bibi huyo, ambaye baadaye aliolewa tena, alimpa uhuru mwaka wa 1807 akiwa karibu kukata roho.

Uhuru wake haukumtosha peke yake. Alimkomboa dada yake Rosalie kwa fedha. Alimkomboa pia Juliette Noel, ambaye alifunga naye ndoa mwaka wa 1811. Hawakujaliwa kupata mtoto, lakini walimlea Euphémie, binti ya Rosalie. Toussaint alimzoeza mtoto huyo kumwandikia barua kila wiki, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza. Kifua kikuu kilimwondoa Euphémie mwaka wa 1829, angali msichana mdogo, na pigo hilo lilimwacha mjomba wake na majonzi ya muda mrefu.

Nyumba ya wanandoa hawa ikawa kimbilio. Wakimbizi kutoka Saint-Domingue, weusi kwa weupe, walifika New York wakiwa hawana hanani. Toussaint aliwatafutia kazi, akawakopesha fedha na kuwaunganisha na wateja wake wenye uwezo. Mayatima weusi walilelewa kwake na kufunzwa stadi za kujitegemea. Magonjwa ya kuambukiza yalipoingia jijini na watu kukimbia, yeye aliwauguza waliotelekezwa. Haya yote aliyafanya kwa miguu, kwani mtu mweusi hakuruhusiwa kupanda magari ya abiria yaliyovutwa na farasi. Kila alfajiri, kabla ya kazi, alihudhuria misa katika kanisa la Mtakatifu Petro, mtaa wa Barclay.

Moto mkubwa wa Desemba 1835 uliteketeza sehemu ya jiji, na akiba yake kubwa ikapotea. Marafiki walitaka kumchangia. Alikataa, akisema wapo waliohitaji zaidi yake. Ama kweli, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Hata hivyo, hisani yake haikumkinga dhidi ya ubaguzi. Mwaka wa 1842 yeye na mkewe walizuiwa mlangoni mwa kanisa kuu la Mtakatifu Patrick, jengo ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelichangia na kulitafutia michango. Baadaye wasimamizi wa kanisa walimwandikia kumwomba radhi.

Toussaint alifariki tarehe 30 Juni 1853, miaka miwili baada ya Juliette. Mwaka uliofuata, Hannah Lee, mwandishi mzungu wa Boston, alichapisha wasifu wake. Hapa mwanafunzi wa fasihi hana budi kuwa macho. Wasifu huo unamsawiri kama mtumishi mwaminifu mno, na taswira hiyo ndiyo iliyowafanya baadhi ya wahakiki, hasa Wamarekani weusi, kumwona kama kibaraka. Wanamlinganisha na Toussaint Louverture, aliyewaongoza watumwa vitani na kufia katika gereza la Ufaransa mwaka wa 1803. Inasimuliwa kwamba Pierre alipotakiwa kuzungumzia harakati za kukomesha utumwa alijitenga nazo, akihofia damu kama ile iliyomwagika kwao.

Lawama hii ina uzito, nasi hatuwezi kuipuuza. Lakini ziko pia barua nyingi alizoandikiwa, ambazo zimehifadhiwa katika maktaba ya umma ya New York. Wanaomwandikia wanaomba ushauri, wanashukuru kwa mkopo, wanamkabidhi siri zao. Huyu si mtumishi anayesubiri amri. Ni mzee wa jamii anayetegemewa. Louverture alivunja minyororo kwa upanga. Pierre aliikata mmoja mmoja kwa jasho la ususi. Njia ya pili ilikuwa ya polepole na haikuuondoa mfumo. Hata hivyo, kwa Rosalie na Juliette, uhuru uliopatikana kwa njia hiyo haukuwa uhuru wa nusu.

Mwaka wa 1990 mabaki yake yalihamishiwa katika kaburi la maaskofu chini ya kanisa kuu la sasa la Mtakatifu Patrick, na mwaka wa 1996 Papa Yohane Paulo wa Pili aliidhinisha kwamba aliishi fadhila za Kikristo kishujaa. Huko Miami, kituo cha Kikatoliki cha wahamiaji wa Haiti kimepewa jina lake. Naye Guy Sansaricq, mzaliwa wa Jérémie aliyewahudumia Wahaiti wa Brooklyn tangu 1971, akawa mwaka wa 2006 Mhaiti wa kwanza kuwa askofu nchini Marekani, hadi alipofariki 2021. Alichokifanya askofu huyo kwa mamlaka ya daraja lake, msusi alikuwa amekianza bila cheo chochote, na kwa sehemu ya maisha yake, bila hata kujimiliki. Mwungwana wa maana ya pili alitangulia. Yule wa maana ya kwanza akamfuata.