Adrian Hill: Mgonjwa Aliyeanzisha Tiba ya Sanaa

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Methali hii ilinijia jioni moja tukiwa barazani baada ya sala ya Alasiri, binti wa dada yangu alipotuarifu kuwa ataka kwenda Uingereza kusomea tiba ya sanaa. Shahada ya kwanza ya uchoraji anayo; sasa aitafuta ya uzamili. Mzee mmoja alicheka, akauliza tangu lini penseli ikawa dawa. Mimi sikuwa na jawabu. Basi nikaanza kuutafuta mwanzo wa jambo hili, nikamkuta Bwana Adrian Hill.

Bwana huyu alizaliwa Uingereza mwaka 1895, akasomea uchoraji jijini London. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka aliingia jeshini, na kwa kuwa mkono wake ulikuwa mwepesi, alikuwa akitumwa kunyemelea baina ya majeshi mawili ili achore ngome za adui. Mwaka 1917 akawa msanii wa kwanza kupewa na jumba la makumbusho ya vita, Imperial War Museum, kazi ya kuchora vita kutoka mstari wa mbele. Michoro yake 180 imehifadhiwa huko. Vita vilipokwisha alirudi kwenye kuchora na kufundisha.

Lakini sifa yake kubwa haikutoka vitani, bali kitandani. Mwaka 1938 Hill alishikwa na kifua kikuu, akalazwa katika hospitali ya King Edward VII huko Midhurst, kusini mwa Uingereza. Tukumbuke kuwa siku zile dawa ya kuua vijidudu vya maradhi hayo ilikuwa haijapatikana. Tiba ilikuwa ni kulala, kula vizuri na kuvuta hewa safi, miezi kwa miezi. Mwili ulipumzika, lakini moyo ulikuwa ukiliwa na hofu na uchovu wa kungoja.

Hill akaomba penseli na karatasi. Alichora vilivyokuwa karibu naye, vitu vidogo vya juu ya meza ya kitandani. Akaona kwamba saa alizokuwa akichora hazikuwa nzito kama nyingine. Mwaka uliofuata hospitali ilipoanza kuwapa wagonjwa kazi za mikono, aliombwa awafundishe wenzake kuchora, wakiwemo askari waliorudi kutoka Vita Vikuu vya Pili. Wengine hawakuwa wameshika brashi maishani mwao. Baadhi yao walitoa kwenye karatasi mambo ya vitani ambayo ndimi zao hazikuweza kuyasema.

Mwaka 1942 Hill akaipa kazi hiyo jina la tiba ya sanaa, na mwaka 1945 akatoa kitabu chake, Art Versus Illness. Alishirikiana na Msalaba Mwekundu wa Uingereza kupeleka picha za kuazimwa mahospitalini. Mwaka 1964 kilipoundwa chama cha matabibu wa sanaa cha Uingereza, yeye ndiye aliyekuwa rais wake wa kwanza. Alifariki mwaka 1977.

Sasa, ndugu msomaji, hapa ndipo penye ajabu. Hill hakuwa daktari, wala hakuwa na shahada yoyote ya tiba. Lau angefufuka leo, asingeruhusiwa Uingereza kujiita tabibu wa sanaa. Tangu mwaka 1997 kazi hiyo inasimamiwa kisheria, na jina hilo si la kila mtu. Mwanafunzi husoma shahada ya uzamili, kwa kawaida miaka miwili kwa anayesoma kutwa, na zaidi kwa anayesoma huku akifanya kazi. Husoma mambo ya nafsi na maradhi yake, na hutumwa mahospitalini, mashuleni au magerezani kufanya kazi chini ya msimamizi. Tena, na hili ndilo lililonishika, lazima yeye mwenyewe akae kwenye kiti cha mgonjwa: atibiwe na tabibu mwingine kwa muda wote wa masomo. Hill alipata somo hilo kwa kulazwa. Hawa wanalipata chuoni.

Sisi Waislamu jambo hili lisitushangaze sana. Katika hospitali ya Sultani Bayezid wa Pili huko Edirne, Uturuki, iliyomalizika kujengwa mwaka 1488, wagonjwa wa akili walipigiwa muziki kuwa sehemu ya tiba yao. Na suala la kuchora viumbe vyenye roho ni la kuwauliza masheikh wetu. Lakini tiba hii haimlazimishi mtu kuchora sura. Rangi tupu, udongo, mistari na maua, kama yale ya milango ya Lamu, yatosha. Wala haulizwi mtu kama kazi yake ni nzuri.

Nilirudi barazani nikamweleza mzee wetu haya yote. Hakucheka tena. Alinyamaza kitambo, kisha akakumbuka miezi aliyolazwa ujanani akihesabu mbao za dari. Halafu akauliza ada ya chuo ni kiasi gani, na hapo ndipo ukoo mzima tulipokaa kitako.