Charles Riley: Askari Aliyemtafuta Adui wa Adui

Ndugu askari na polisi, leo tunawaletea maisha ya mtu aliyevaa sare kwa miezi michache tu, lakini vita alivyoviongoza baadaye viliokoa mashamba ya michungwa bila risasi hata moja kufyatuliwa. Huyo ni Charles Valentine Riley, bingwa wa elimu ya wadudu.

Riley alizaliwa London, Uingereza, tarehe 18 Septemba 1843, akasoma Ufaransa na Ujerumani. Alipokuwa na miaka 17 alihamia Marekani, akafanya kazi shambani katika jimbo la Illinois, na huko akajionea jinsi wadudu wanavyoangamiza jasho la mkulima. Mwaka 1864, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokuwa vikiendelea, alijitolea katika kikosi cha jimbo hilo. Mwaka 1868 aliteuliwa kuwa mtaalamu wa wadudu wa jimbo la Missouri, na mwaka 1878 akaitwa Washington kuongoza idara ya wadudu ya serikali kuu. Aliiacha kazi hiyo kwa muda, akairudia mwaka 1881.

Wakati huo michungwa ya California ilikuwa imezingirwa. Mdudu-gamba mgeni, abebaye mfuko wa mayai mweupe kama pamba, alikuwa ameonekana huko karibu na mwaka 1868, akaenea akifyonza utomvu wa miti. Wakulima walinyunyiza mafuta ya taa yaliyochanganywa na sabuni, wakafunika miti kwa mahema na kuifukiza kwa moshi wa sumu, lakini adui hakurudi nyuma. Wengine waliikata miti yao na kuichoma moto.

Riley aliuliza swali ambalo kila mpelelezi hulijua: adui huyu ametoka wapi? Ushahidi ulielekea Australia, na huko mdudu huyo hakuwa janga. Basi palikuwa na kitu kilichomzuia.

Bunge la Marekani lilikuwa limekataza idara hiyo kugharamia safari za nchi za nje. Ikatafutwa njia: mwaka 1888 msaidizi wake, Albert Koebele, alisafiri pamoja na ujumbe wa Marekani uliokwenda kwenye maonyesho ya Melbourne. Aliagizwa hasa kutafuta nzi mdogo amdhuruye mdudu-gamba. Lakini Oktoba mwaka huo, katika bustani moja mjini Adelaide, alimwona mbawakawa mdogo mwekundu mwenye mabaka meusi, wa jamii ya wadudu-kibibi, akimla adui huyo.

Wa kwanza 28 walifika California mwishoni mwa Novemba. Hadi Januari 1889 walikuwa wamefika 129, wakawekwa juu ya mchungwa mmoja ndani ya hema mjini Los Angeles. Mwezi wa Aprili hema lilifunguliwa. Kufikia Juni, zaidi ya 10,000 walikuwa wamegawiwa wakulima, na kabla ya mwaka kwisha adui alikuwa ameshindwa. Wakulima walimzawadia Koebele saa ya dhahabu. Riley, aliyepanga vita, aliumia moyoni kwa kuona sifa zikienda kwa mwingine. Sisi twaona kwamba mpango bila mpelelezi ni karatasi tupu, na mpelelezi bila mpango hupotea njia.

Riley alifariki Washington tarehe 14 Septemba 1895, baada ya kuanguka kwa baiskeli, zikiwa zimesalia siku nne atimize miaka 52.

Mbawakawa wake walifaa kwa sababu chakula chao ni mdudu-gamba huyo na jamaa zake wa karibu tu, hawagusi mimea. Lakini katika miaka ya 1940 wakulima wa California walipoanza kunyunyiza dawa ya DDT, mbawakawa waliuawa, na mdudu-gamba akarejea kwa nguvu mpaka walinzi wale waliporudishwa mashambani. Silaha isiyobagua humwua rafiki kwanza, na askari mwenye busara humjua mshirika wake sawasawa na anavyomjua adui.