Emil Zátopek, kijana wa kiwanda cha Bata aliyejifundisha kukimbia

Tarehe 29 mwezi wa 9 mwaka wa 1951, kwenye kiwanja cha mji mdogo wa Stará Boleslav, karibu na Prague, ofisa mmoja wa jeshi la Chekoslovakia alikimbia kilometa 20 na meta 52 kwa saa moja. Mbele yake hakuna mtu duniani aliyekuwa amemaliza kilometa 20 chini ya saa moja. Wale wenye kujitayarisha kwa nusu-maratoni, ile mbio ya kilometa 21 na meta 97, wanajua hesabu hiyo ina uzito gani. Kama angeendelea na mwendo uleule, angemaliza kwa saa moja na dakika tatu hivi. Watu wengi wanaofanya futingi siku ya posho asubui, mbele ya kwenda sokoni ao kazini, wanafurahi sana wakiimaliza kwa saa mbili.

Ofisa huyo aliitwa Emil Zátopek. Amekufa zaidi ya miaka 20 sasa. Wakimbiaji wengi wa leo wanafanya mazoezi yake kila juma bila kulijua jina lake.

Ukimwangalia, usingesema huyu ni bingwa. Alikuwa anakimbia vibaya, na hilo lazima lisemwe wazi. Kichwa kilikuwa kinalegea huku na huku, mabega yamepanda, ulimi uko nje, uso umekunjamana kama mtu mwenye tumbo la kuuma. Waandishi wa magazeti walicheka mwendo wake kwa miaka mingi. Yeye hakujali. Aliona kwamba katika mbio hakuna maksi kwa mwenye kupendeza, kuna saa tu.

Alizaliwa tarehe 19 mwezi wa 9 mwaka wa 1922 kule Kopřivnice, katika jimbo la Moravia, nyumba yenye watoto wengi na baba fundi seremala. Akiwa na miaka 16 alikwenda mji wa Zlín kufanya kazi katika kiwanda cha viatu cha Bata. Ndiyo, Bata ileile ambayo wazee wengi wa Kongo walivaa viatu vyake. Kijana alikuwa anafanya kazi muchana na kusoma jioni, na michezo haikumpendeza hata kidogo.

Mwaka wa 1941, wakati Wajerumani walikuwa wameshika inchi, mkubwa wa michezo wa kiwanda alichagua vijana wane wakimbie mbio ya meta 1500, na Zátopek alikuwa kati yao. Alijaribu kukataa, akasema ni mdhaifu. Wakamtuma kwa mganga, na mganga akamkuta mzima kabisa. Basi akakimbia kwa lazima. Kati ya vijana karibu mia moja, akatoka wa pili. Tangu siku ile ugonjwa wa mbio ukamshika, na haukumwacha tena.

Mazoezi ya kwanza alionyeshwa na Jan Haluza, mkimbiaji aliyemtangulia pale Zlín. Nyuma ya hapo alijitafutia njia mwenyewe. Wakati ule wengi waliona kwamba mtu anayetaka kukimbia mbali anapaswa kufanya mazoezi ya mbali, pole pole, kwa mwendo mmoja. Zátopek aliliona jambo hilo kwa upande mwingine. Kukimbia pole pole, aliwaza, ninakujua tayari. Kitu nisichokijua ni kukimbia haraka. Lakini hakuna mwili unaoweza kukimbia haraka kilometa kumi mfululizo bila kuzoezwa. Basi akaikata mbio vipande vipande: meta 400 kwa haraka, kisha meta 200 za kukimbia taratibu bila kusimama, kisha meta 400 tena.

Watu wa Finlandi na Wajerumani walikuwa wamejaribu vipande mbele yake. Kilichowashangaza watu kwake ni wingi. Siku ya kawaida ilikuwa hivi: meta 200 mara tano, meta 400 mara ishirini, kisha meta 200 mara tano tena. Ukijumlisha na zile za kupumzika, kazi ya siku moja inapita kilometa 15. Baadaye aliongeza zile mia nne hadi mara arobaini kwa siku, na kuna nyakati alipita hata hapo. Wenzake walisema amerukwa na akili. Walipoona saa zake katika mashindano, wakaanza kuuliza anafanyaje.

Hapa inafaa kumwambia mwenye kuanza asiige hesabu hizo, maana magoti yatamlilia. Zátopek mwenyewe alipanda ngazi kwa miaka. Mtu anayetafuta nusu-maratoni yake ya kwanza anaweza kuanza na vipande vitano ao sita mara moja kwa juma, na siku nyingine akimbie tu kwa mwendo wa kuongea. Kitu cha kushika ni namna kazi ilivyopangwa: haraka, taratibu, haraka, mpaka moyo unazoea kurudi chini upesi.

Muda wa kufanya yote hayo ulitoka wapi? Zátopek aliuiba katikati ya kazi. Akiwa bado kijana, akienda kazini kwa mguu kwenye njia iliyopandwa miti, alikuwa anaziba pumzi mpaka afikie mti fulani, kesho yake mti wa mbele zaidi, hadi siku moja akaanguka amezimia. Nyuma ya vita aliingia jeshini, akapelekwa shule ya maofisa. Muchana ulikuwa wa jeshi, basi yeye akakimbia usiku ndani ya pori, na tochi mkononi, na mabote mazito ya kiaskari miguuni. Katika teluji pia alikimbia na mabote hayo. Akiwa kwenye zamu ya ulinzi, alikimbia palepale aliposimama. Hata nguo za nyumbani alizifua kwa miguu: alizitia ndani ya beseni kubwa la kuogea pamoja na maji na sabuni, akapanda juu yake na kukimbia. Mke wake Dana alicheka, lakini nguo zilitakata.

Dana naye alikuwa mwanamichezo, mtupa mkuki. Walizaliwa siku moja, mwaka mmoja. Walifunga ndoa mwaka wa 1948.

Mbele ya hapo, mwaka wa 1946, Zátopek alikwenda Berlin kwenye mashindano ya majeshi yaliyoshinda vita. Wengine waliingia kiwanjani kwa makundi, yeye aliingia peke yake nyuma ya kibao cha inchi yake, na watu wakacheka. Mbio ya meta 5000 ilipokwisha, kicheko kilikuwa kimenyamaza, maana aliwaacha wengine mbali sana.

Kule London, kwenye Olimpiki ya mwaka wa 1948, alichukua zahabu katika meta 10,000. Katika meta 5000 alishindwa na Mbelgiji, Gaston Reiff, kwenye mvua na kiwanja chenye matope. Katika mzunguko wa mwisho Zátopek alikuwa nyuma sana, watu wamekwisha kumsahau, kisha akachomoka kama mtu aliyeamshwa usingizini. Alikosa ushindi kwa sehemu mbili za kumi za sekunde. Wabelgiji, ambao wakati ule walikuwa wakitawala Kongo, walimjua vizuri tangu siku hiyo. Walimwona tena nyumbani kwao Brussels mwaka wa 1950, aliposhinda meta 5000 na 10,000 katika mashindano ya Ulaya, na mwaka wa 1954, alipokuwa mtu wa kwanza kumaliza meta 10,000 chini ya dakika 29.

Lakini mwaka ambao dunia inamkumbuka ni 1952, na mwaka huo ulikaribia kumponyoka kabla hata ya kupanda ndege. Wakomunisti walikuwa wameshika mamlaka tangu 1948. Haluza, yule aliyemwonyesha mazoezi ya kwanza, alikuwa ametiwa gerezani. Sasa wakubwa wakamzuia kijana mwingine, Stanislav Jungwirth, mkimbiaji wa meta 1500, asiende Olimpiki ya Helsinki. Kosa lake? Baba yake alikuwa mfungwa wa siasa. Zátopek akasema wazi kwamba kama Jungwirth haendi, yeye pia anabaki. Ndege ya timu ikaondoka bila wao wawili. Kwa inchi ile na kwa miaka ile, mtu aliweza kupotea kabisa juu ya neno kama hilo. Nyuma ya siku chache wakubwa wakalegeza, na wote wawili wakafika Helsinki.

Pale Helsinki akashinda meta 10,000 tarehe 20 mwezi wa 7, kisha meta 5000 tarehe 24. Siku hiyohiyo ya tarehe 24, Dana akachukua zahabu ya mkuki. Halafu Zátopek akaamua kujaribu maratoni, kilometa 42, mbio ambayo alikuwa hajakimbia hata mara moja maishani mwake. Akamtafuta Mwingereza Jim Peters, aliyekuwa na saa nzuri kuliko wote, akakaa naye. Njiani akamuuliza kama mwendo huu unatosha. Peters, kwa kumchokoza, akamjibu kwamba ni wa pole sana. Kumbe mwenzake aliamini, ao alijifanya kuamini. Akaongeza mwendo. Peters alishikwa na misuli mbele ya mwisho, akaacha mbio. Zátopek aliingia kiwanjani peke yake, kwa saa mbili, dakika 23 na sekunde tatu. Zahabu tatu kwa siku nane, katika 5000, 10,000 na maratoni. Hadi leo hakuna aliyerudilia jambo hilo katika Olimpiki moja.

Karibu kila mara alipogeuka nyuma, alimwona mtu mmoja, Alain Mimoun. Mimoun alizaliwa Algeria, akapigana vita ya pili ya dunia katika jeshi la Ufaransa, akajeruhiwa mguu Italia, kisha akafanya kazi ya kuhudumia meza Paris huku akiendelea kukimbia. Mara tatu katika Olimpiki alichukua feza nyuma ya Zátopek. Mwaka wa 1956, kule Melbourne, mambo yakageuka. Zátopek alikuwa ametoka kupasuliwa ngiri, na waganga walikuwa wamemwambia apumzike, lakini yeye hakungoja. Inasimuliwa kwamba ngiri hiyo aliipata kwa kufanya mazoezi akimbeba Dana mgongoni. Katika maratoni alitoka wa sita. Mimoun alikuwa amekwisha kushinda, lakini hakwenda kusherehekea. Alisimama kwenye mstari akimngoja. Alipomwambia kwamba yeye ndiye bingwa, Zátopek alivua kofia, akampigia saluti, akamkumbatia. Mimoun alisema baadaye kwamba kwake kumbatio lile lilipita medali.

Zátopek aliacha mashindano akiwa ameweka rekodi 18 za dunia. Wageni waliendelea kuja kwake, na alizungumza nao lugha nyingi alizojifundisha, vilevile alivyojifundisha mbio. Mmoja alikuwa Ron Clarke wa Australia, mvunja rekodi mkubwa ambaye hakupata kamwe zahabu ya Olimpiki. Alipokuwa akiondoka Prague katika miaka ya 1960, Zátopek alimtia mkononi kifurushi kidogo na kumwomba asikifungue mpaka ndege iruke. Ndani kulikuwa na moja ya zile zahabu za Helsinki.

Mwaka wa 1968 viongozi wapya wa Chekoslovakia walijaribu kulegeza utawala, na Zátopek akawaunga mkono. Aliweka sahihi kwenye tangazo la kudai uhuru zaidi. Vifaru vya Urusi na marafiki zake vilipoingia mwezi wa 8, alitoka katika barabara za Prague na kusema mbele ya watu kwamba uvamizi huo haukubaliki. Alikuwa kolonel, na jina lake lilijulikana dunia nzima. Halikumlinda. Alifukuzwa jeshini, akafukuzwa katika chama, na kazi ya mjini ikakosekana. Akaajiriwa na kampuni ya kuchimba ardhi, kutoboa visima vya kutafuta maji mbali na nyumbani. Kwa miaka kadhaa alikuwa analala ndani ya kibanda cha magurudumu na wafanyakazi wengine, na kumwona Dana mara chache tu.

Mwaka wa 1971 gazeti la chama lilitoa maneno yake ya kurudi nyuma, na watu wengine hawakumsamehe hilo. Ni rahisi kuhukumu ukiwa mbali. Mtu aliyeweza kuvumilia mia nne mara arobaini alichoka pia, kama watu wengine wanavyochoka wanapobanwa kwa muda mrefu. Mwishoni alirudishwa Prague, akapewa kazi ndogo ya kusoma na kutafsiri majarida ya michezo ya inchi za nje.

Utawala ule ulianguka mwaka wa 1989. Mwezi wa 3 mwaka wa 1990, Rais Václav Havel alimrudishia heshima yake. Zátopek alikuwa na miaka 67. Alikufa Prague mwezi wa 11 mwaka wa 2000, akiwa na miaka 78, na mazishi yake yaliwakusanya wakimbiaji kutoka inchi nyingi. Dana alibaki hadi mwezi wa 3 mwaka wa 2020, akafa na miaka 97.