Dakta Janusz Korczak, Mtetezi wa Watoto

Watu mashuhuri tunaosoma habari zao darasani aghalabu ni wafalme, majemadari na wavumbuzi. Leo napenda kuwaeleza habari za mtu ambaye hakutawala nchi wala hakushinda vita, lakini jina lake latajwa mara nyingi watu wanapozungumza juu ya haki za watoto. Mtu huyo ni Dakta Janusz Korczak wa nchi ya Poland.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Henryk Goldszmit. Janusz Korczak ni jina alilojipa alipokuwa mwandishi. Alizaliwa Warsaw katika jamaa ya Kiyahudi, mwaka wa 1878 au 1879, maana baba yake alichelewa kumwandikisha. Baba huyo alikuwa mwanasheria, lakini alipatwa na maradhi ya akili, akafariki mwaka 1896. Ikambidi kijana Henryk awafundishe watoto wa watu wengine ili kuwasaidia jamaa zake. Hata hivyo hakuacha masomo, akawa daktari wa watoto. Punde akaona kwamba dawa peke yake haitoshi, kwa kuwa mtoto akipona hurudi katika umaskini ule ule uliomwuguza.

Basi mwaka 1912 akawa mkuu wa nyumba ya mayatima katika mtaa wa Krochmalna, akisaidiana na Bibi Stefania Wilczyńska. Humo watoto walikuwa na baraza lao, gazeti lao na mahakama yao. Habari ya mahakama ndiyo iliyonivutia kuliko zote. Mahakimu watano walipatikana kwa kura, miongoni mwa watoto wasiokuwa na kesi juma lile. Vifungu vya sheria vilipewa namba mpaka 1000, lakini 99 vya kwanza vilikuwa vya kusamehe au kufuta mashtaka. Kile cha 1000 ndicho kilichokuwa cha kumfukuza mtu. Wakubwa nao waliweza kushtakiwa. Korczak alijipeleka mwenyewe mbele ya watoto mara tano katika muda wa nusu mwaka. Mara moja kwa kumpiga mtoto kofi, na mara nyingine kwa kumdhania msichana kuwa ni mwizi.

Wako watakaosema kwamba kwa mwendo huo adabu ingepotea. Mimi naona kinyume chake. Mtoto akimwona mkubwa anaitii sheria, naye huiona sheria kuwa ni yake. Nyumba ile ilidumu miaka 30 kwa utaratibu huo.

Korczak alivijua vita. Alikuwa daktari wa jeshi katika vita vya Urusi na Ujapani, na tena katika Vita Kuu ya kwanza. Wahenga wamesema fahali wawili wapiganapo ziumiazo nyasi, na nyasi alizoziona yeye zilikuwa watoto.

Septemba 1939 Wajerumani waliivamia Poland. Mwaka uliofuata Wayahudi wa Warsaw, zaidi ya watu 400,000, walifungiwa katika sehemu ndogo ya mji iliyozungushiwa ukuta. Nyumba ya mayatima nayo ilihamishiwa humo. Korczak alipokwenda kudai viazi vya watoto vilivyonyang'anywa, alitiwa gerezani. Alipotoka, ingawa alikuwa mzee na mgonjwa, alipita mlango kwa mlango akiomba chakula na fedha. Hata katika njaa hiyo masomo hayakukoma. Julai 1942 watoto walicheza mchezo wa kuigiza wa Rabindranath Tagore wa Bara Hindi, unaosimulia habari za mtoto mgonjwa anayengojea barua ya mfalme.

Siku chache baadaye Wajerumani walianza kuwachukua watu kwa magari moshi mpaka Treblinka, mahali pa kuulia. Rafiki zake walikuwa wamemtafutia njia za kumtorosha, naye akakataa kuwaacha watoto. Mwanzoni mwa Agosti aliandamana nao mpaka stesheni, watoto wapatao 200, pamoja na Bibi Stefania na wasaidizi wengine. Hakurudi hata mmoja.

Vita vile vilifika mpaka kwetu pia. Tangu mwaka 1942 wakimbizi wa Kipoland, wengi wao wanawake na watoto, walipewa makao Tengeru karibu na Arusha, watu wapatao 5,000. Makaburi ya baadhi yao yapo pale mpaka leo.

Mwaka 1978 ni Poland iliyotoa shauri katika Umoja wa Mataifa kwamba pawe na mkataba wa haki za mtoto. Mkataba ulipitishwa tarehe 20 Novemba 1989, na nchi yetu ya Tanzania iliuridhia mwaka 1991. Katika kifungu cha 12, mtoto amepewa haki ya kusikilizwa katika mambo yamhusuyo. Jambo ambalo watoto wa Krochmalna walilizoea miaka mingi kabla.

Huko Treblinka yamesimamishwa mawe 17,000 ya ukumbusho. Mengi hayana maandishi, na mengine yana majina ya miji. Moja tu lina jina la mtu, nalo ni la Korczak na watoto wake.

Wazazi na waalimu wetu, mkitaka kujua kama mtoto anaheshimiwa, tazameni kama anaulizwa kabla ya kuhukumiwa. Nanyi wanafunzi wenzangu, hasa viranja, haki hiyo tuwape kwanza wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza.