Kapteni Joubert wa Mpala

Maji ya Ziwa Kivu hutoka Bukavu kwa mto Ruzizi, hushuka kwa kishindo kati ya milima, kisha huingia katika Ziwa Tanganika. Mtu akifuata ukingo wa magharibi wa ziwa hilo kwenda kusini, akapita Kalemie, atafika nchi ya milima iitwayo Marungu. Huko ufukoni ndiko Mpala. Ni nchi ndogo, lakini iliona mateso mengi.

Zamani zile wafanya biashara ya pembe na watumwa ndio waliotamba ziwani. Mkubwa wao alikaa Ujiji. Jina lake Muhammad bin Khalfan, lakini watu walimwita Rumaliza, kwa kuwa aliwamaliza watu. Askari wake walivuka ziwa kwa mashua, wakachoma vijiji, wakawafunga wanawake na watoto kwa minyororo. Mashamba yakawa pori.

Mwaka 1883 afisa Mbelgiji, Émile Storms, alijenga boma Mpala. Huyo hakuleta amani. Mwaka 1884 askari wake walimwua mtemi Lusinga, ambaye naye aliuza watumwa. Wakamkata kichwa, na fuvu lake likapelekwa Ulaya. Habari hiyo ni chungu, wala haifai kufichwa. Mwaka 1885 boma lilitolewa kwa Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie. Mapadri hawakuwa watu wa vita, na wakimbizi waliokuja kwao walihitaji ulinzi. Nani atawalinda?

Léopold Joubert alizaliwa tarehe 22 Februari 1842 huko Saint-Herblon, Ufaransa. Alipokuwa kijana wa miaka 18 alikwenda Roma kuwa askari wa Papa Pio wa Tisa, akamtumikia mpaka mji ulipotwaliwa mwaka 1870. Mwaka 1880 alifuatana na msafara wa mapadri kwenda kwenye maziwa makubwa, akiulinda njiani. Baadaye alirudi kwao kwa muda mfupi, na mwaka 1887 akafika Mpala.

Hakukaa kama mgeni. Mwaka 1888 alimwoa Agnes Atakaye, msichana Mkristo wa nchi ile, kwa ndoa ya Kanisa. Wazungu wengi wa siku zile walikaa na wanawake pasipo ndoa, wakawaacha walipokwenda zao. Joubert hakumwacha Agnes. Wakapata watoto, wakawalea huko huko.

Akajenga kijiji Mrumbi, karibu na Mpala, akakiita Saint-Louis. Aliwafundisha vijana kulinda vijiji vyao, akaamua mashauri ya watu. Kardinali alitumaini kwamba huko utazaliwa ufalme wa Kikristo. Ufalme haukuzaliwa. Vilizaliwa vijiji vya watu waliookoka minyororo, na hilo halikuwa jambo dogo.

Kisha watu wa Rumaliza wakazidi kuwabana. Risasi zilikuwa chache, maana msafara kutoka pwani ulichukua miezi mingi. Kapteni mmoja peke yake angefanya nini? Vijana wa Marungu ndio waliosimama usiku na mchana, ingawa majina yao hayasomwi sana vitabuni. Mwaka 1891 msaada ulifika: Kapteni Jacques, Mbelgiji aliyetumwa na chama cha kupinga utumwa. Huyo alijenga boma lililoitwa Albertville, ndiyo Kalemie ya leo. Vita viliendelea hata mwaka 1894, Rumaliza aliposhindwa na majeshi ya dola ya mfalme Leopold wa Pili, akakimbilia upande wa Wadachi. Dola ile nayo iliwatesa watu wengi wa Kongo kwa ajili ya mpira, lakini hiyo ni habari nyingine.

Serikali ikashika utawala, na Joubert akaweka bunduki chini. Alihamia Misembe, karibu na Moba, pamoja na jamaa yake. Macho yake yakafifia hata akawa karibu kipofu. Kwao Ufaransa hakurudi tena. Alifariki Misembe tarehe 27 Mei 1927, mzee wa miaka 85.